Shahidi wa Masikio

Chupa ndizo zilizotangulia kujua. Kabla sikio la binadamu halijapata habari, zile chupa ndogo za dawa ya kikohozi kwenye rafu ya juu zilianza kugongana mabega, zikalia kwa sauti nyembamba kama meno ya mtu mwenye homa. Mama Dawa akaweka chini kijiko cha kupimia, akakunja mikono kifuani, akangoja. Mbele yake, upande wa pili wa kaunta, mwanamke kijana alikuwa amempakata mtoto aliyelala baada ya kulia asubuhi nzima.

"Mzibe masikio," Mama Dawa alimwambia.

"Nani?"

"Mtoto. Wewe umeshachelewa."

Pikipiki ikapita. Ilipita kwa gurudumu la nyuma tu, la mbele likiwa juu hewani, na aliyeipanda alikuwa ameinua kidevu kama anayepokea salamu za heshima kutoka kwa watu waliojipanga kandokando ya barabara. Hakukuwa na waliojipanga. Kulikuwa na mzee aliyerukia mtaroni, na mwanamke aliyetupa ndoo ili kumdaka mwanawe. Moshi ukaingia dukani bila hodi. Mtoto akafumbua macho, akavuta pumzi ndefu, akaanza upya.

Mama Dawa hakutukana. Kutukana, kwa maoni yake, ni kumpa mtu hadhi ya kutukanwa. Alisonya tu, taratibu, sauti ikitoka mbali kooni, kisha akarudi kwenye kijiko chake.

Alikuwa mfamasia kwa elimu na mwenyekiti wa kamati ya mtaa kwa kura, na kazi zote mbili alizifanya kwa mkono uleule usiotetemeka. Duka lake lilikuwa pale barabara inapopinda, na ng'ambo yake, mbele ya karakana, ndipo vijana wa pikipiki walipoweka kijiwe. Walibeba abiria na vifurushi. Hilo hakuwa na neno nalo. Yaliyomchefua ni yale waliyoyafanya katikati ya abiria na abiria: kutoboa mabomba ya moshi ili injini zipige makelele, kushindana kufika kwenye mzunguko wa barabara, kupiga resi wakiwa wamesimama palepale, kama jogoo anayewikia sufuria. "Hawana la kusema," aliwaambia wajumbe wa kamati, "ndiyo maana wametafuta bomba la kuwasemea." Wajumbe wakacheka. Alipenda wakicheka. Dharau yake aliitunza kama wengine wanavyotunza vyombo vya wageni, safi na kabatini, tayari kutolewa wakati wowote.

Kinara wao waliyemwita Radi aliwahi kuingia dukani akiwa amechubuka kuanzia kiwiko hadi bega.

"Mama, naomba spiriti na bandeji."

"Ngozi yako iko wapi?"

"Imebaki barabarani, mama."

"Basi nenda kaiokote. Mimi siuzi ngozi."

Radi akacheka, akanyoosha mkono wake mbichi juu ya kaunta kwa fahari, kana kwamba ni cheti. Mama Dawa aliusafisha, maana kazi ni kazi, lakini hakumtazama usoni. Alimtazama kama anavyotazama kifurushi kilichofika kimepasuka.

* * *

Mume wake alikuwa mpimaji ardhi. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kuwaambia watu mwisho wa chao na mwanzo wa cha wenzao, na watu walimwamini kwa sababu alikuwa mtaratibu, mwenye maneno machache na kofia pana. Alipostaafu, walimpa saa ya ukutani na hotuba, naye akarudi nyumbani, akaketi barazani, akaanza kuupima ua kwa macho. Mama Dawa akitoka asubuhi alimwacha pale. Akirudi jioni alimkuta palepale, tofauti ikiwa kivuli tu.

Jumamosi moja akarudi nyumbani juu ya pikipiki nyekundu, kubwa, yenye tangi lililotuna.

"Hiki ni kitu gani?" mkewe akauliza.

"Usafiri."

"Wa kwenda wapi?"

Mume akapangusa vumbi kwenye tangi. Hakuwa na pa kwenda, na wote wawili walilijua hilo.

Lakini alikwenda. Alipata wenzake, daktari wa meno na wakili, wote wa rika lake, wote na vitambi vilivyoketi juu ya tangi kama mtoto aliyepakiwa mbele. Walivaa majaketi mazito ya ngozi katikati ya joto, wakatoka jasho hadi visiginoni, wakajiona majemadari. Akipanda, goti lake lilitoa mlio. Akishuka, alishika kiuno, akajifanya anatafuta funguo. Mama Dawa aliyaona yote hayo akiwa dirishani, na hakujua kama acheke au afunge pazia.

Kisha mume naye akatoboa bomba.

"Fundi anasema injini inapumua vizuri zaidi," alijitetea.

"Inapumua? Wewe mwenyewe ukipanda ngazi hupumui."

"Mwenzangu, hujui raha yake. Nikiwa juu ya kile chombo, sisikii kitu kingine chochote."

"Hata mimi?"

Mume akatabasamu, akakaza mkanda wa kofia chini ya kidevu.

"Hasa wewe."

Wakacheka wote wawili. Kicheko cha Mama Dawa ndicho kilichoisha kwanza.

Kwenye kamati, kinyozi wa mtaa, ambaye hakuwahi kukosa neno la kuchokoza, aliuliza kwa upole wa kinafiki kama azimio la kuzuia kelele walilokuwa wakilijadili litamhusu na mzee wa nyumbani kwa mwenyekiti. "Yule ni mtu mzima," Mama Dawa akajibu. "Anajua anachokifanya." Wajumbe wakatazama vidole vya miguu yao. Yeye akafungua ajenda iliyofuata.

* * *

Ajali ilitokea jioni jua likiwa bado juu ya mapaa. Fundi cherehani wa nyumba ya pili kutoka dukani, rafiki yake wa miaka mingi, alikuwa akivuka barabara na mzigo wa sare za shule, za buluu, alizozimaliza siku hiyo. Mama Dawa alikuwa nyuma, stoo, akifungua maboksi. Alisikia mlio ukija, akasonya kama kawaida. Akasikia kishindo kisicho cha kawaida. Mlio haukusimama. Ulipungua kidogo, kama mtu anayegeuza shingo, halafu ukaongezeka na kutokomea kwenye kona.

Alipotoka mbio, rafiki yake alikuwa chini, sare zimetapakaa huku na huku, na mguu wake mmoja umetazama upande ambao miguu haitazami. Mama Dawa akapiga magoti. Akaomba mbao, akaomba vitambaa, akaufunga mguu usicheze, akimwita rafiki yake kwa sauti ya kawaida kabisa ili asizimie.

"Nani aliyekugonga? Umemwona?"

"Nyekundu," fundi cherehani alinong'ona. "Kelele... kelele tu, dada."

Maneno hayo mawili yalitosha. Watu walikwisha kuvuka barabara. Radi ndiyo kwanza alikuwa amefika kijiweni, injini yake ingali ya moto, na pikipiki yake, kwa bahati yake mbaya, ilikuwa nyekundu. Wakamvuta chini kwa ukosi wa shati.

"Si mimi! Nimetoka kushusha abiria! Muulizeni abiria!"

"Abiria yuko wapi?"

"Ameshaondoka!"

Askari aliyekuwa akiongoza magari kwenye mzunguko akaja akikimbia, akasukuma watu kwa viwiko. "Tulieni! Nani ameona?"

Hakuna aliyeona. Kila mmoja alikuwa amesikia, kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani.

Mama Dawa alisimama. Mikono yake ilikuwa na damu ya rafiki yake. Miaka yote ya chupa kutetemeka, ya watoto kuamshwa, ya wazee kurukia mitaroni, ilimpanda kifuani na kumfika mdomoni kwa pamoja.

"Mimi nimesikia," alisema. "Ni yeye. Naijua sauti yake. Naisikia kila siku ya Mungu."

Neno lake katika mtaa ule lilikuwa kama dawa iliyoandikwa na daktari; hakuna aliyeliuliza mara mbili. Ngumi ya kwanza ilitoka pale pale kwenye neno "Mungu". Askari alifanikiwa kumtoa Radi mikononi mwao, lakini si kabla ya jicho lake kuziba na mbavu kupigwa mateke, na nyuma yake mawe yakaanza kuishukia pikipiki. Mama Dawa aliyaona. Angeweza kupaza sauti, na sauti yake ingesikilizwa. Hakuipaza. Kitu fulani kitamu kilikuwa kikimteremka kooni, naye akakiacha kiteremke.

* * *

Alirudi kutoka hospitali giza likianza kuingia. Nyonga imevunjika, walimwambia. Atapasuliwa, na huenda asikanyage tena pedali ya cherehani. Nyumbani taa zilikuwa hazijawashwa. Mume alikuwa bafuni, maji yakitiririka, na yaliendelea kutiririka muda mrefu kuliko uchafu wa mtu mmoja unavyohitaji.

Turubai la pikipiki lilikuwa limekunjwa barazani. Pikipiki yenyewe haikuwapo mahali pake. Aliikuta nyuma ya nyumba, imesukumwa hadi nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo haikuwahi kulazwa. Taa ya mbele ilikuwa imepasuka. Kwenye kikanyagio cha mguu, kipande cha kitambaa cha buluu kilikuwa kimenasa, na pindo lake lilikuwa na ule mshono mdogomdogo wa rafiki yake, mshono ambao angeutambua gizani kwa ncha ya kidole.

Alisimama pale mpaka maji bafuni yakakatika.

Mume alitoka akiwa na taulo begani, akamkuta sebuleni na kile kitambaa mkononi. Hakujaribu kukana. Aliketi tu, ghafla, kama mtu aliyeondolewa fimbo.

"Alitokea ghafla," alisema.

"Hakutokea. Alikuwa anavuka. Pale ndipo anapovuka siku zote."

"Nilitaka kusimama. Wallahi nilitaka. Mkono ulivuta mafuta badala ya breki, halafu nikawa nimeshafika mbali."

"Ukawa umeshafika mbali," mkewe alirudia.

"Na nilipopita tena kwa njia ya nyuma nikasikia watu wanasema..." Alijifuta uso kwa taulo. "Wameshampata mtu, mwenzangu."

"Umesemaje?"

"Tutulie kidogo, ndilo ninalosema. Wale vijana, hata kama si hili, yapo mengine. Wewe mwenyewe husema ni takataka. Kila siku unasema." Akainua macho, na ndani ya macho yale mlikuwa na kitu kibaya kuliko hofu, mlikuwa na tumaini. "Halafu si wewe uliyesema kuwa sauti ni yake?"

Mama Dawa alimtazama mwanamume yule, aliyewahi kulala porini wiki nzima kwa sababu jiwe moja la mpaka lilikuwa limesogezwa hatua mbili, na akatafuta ndani ya nafsi yake dharau ya kumtosha. Aliipata. Ilikuwa nyingi, ilikuwa tayari. Ila ilipofika wakati wa kummwagia, aliona kuwa haikuwa na mlengwa mmoja. Maneno yale, "takataka", "kila siku", yalikuwa na sauti yake. Mume alikuwa ameyaazima tu, akayavaa, na yalimkaa vizuri.

"Kesho asubuhi nakwenda kituoni," alisema. "Ukitaka kuongozana nami, vaa viatu."

* * *

Asubuhi mume alikuwa kitandani, ameupa mlango kisogo. Mama Dawa alikwenda peke yake.

Kituoni palinuka dawa ya sakafu na jasho la usiku. Askari wa zamu alimpa kiti kwa heshima, akamshukuru kwa ushirikiano wake wa jana.

"Nimekuja kufuta maneno yangu," Mama Dawa alisema.

"Yapi, mama mwenyekiti?"

"Yote. Nilikuwa stoo, nyuma ya maboksi. Nilisikia pikipiki, basi. Zikishatobolewa zote hulia ovyo. Sikuijua sauti ya mtu yeyote."

Askari akaweka kalamu chini. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kumaliza kazi na sasa anaambiwa aianze upya. "Mama, tusitiane katika matatizo. Yule kijana tunamfahamu. Ni mkorofi."

"Ni mkorofi kabisa," alisema. "Ni mpumbavu pia. Lakini hakumgonga mtu."

"Unajuaje?"

Hapo ndipo alipotambua kuwa njiani kote, pamoja na ujasiri wake wote, alikuwa akitumaini asiulizwe swali hilo. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha buluu, akakiweka juu ya meza. Akasema nyumba ni ipi. Akasema na anayeishi humo ni nani.

Askari walipofika naye nyumbani, mume alikuwa ameketi mezani, amevaa shati la pasi, suruali ya kazini na viatu vilivyong'arishwa, kofia yake pana magotini. Kikombe cha chai kilikuwa mbele yake, kimejaa, kimepoa.

"Nilikuwa nakuja," alimwambia mkewe.

Huenda ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: hakuwa na namna ya kujua, na kwa kuwa alimtangulia, hata mume mwenyewe asingejua kamwe.

* * *

Radi aliachiwa siku hiyo hiyo. Alikuja dukani baadaye, kwa miguu, jicho moja limefumba, mdomo umepasuka, akitembea kama mtu aliyebeba mayai chini ya shati. Mama Dawa alikwisha kuweka marhamu na vidonge vya maumivu juu ya kaunta kabla hajavuka barabara.

"Mama, afande ameniambia ulisema unaijua sauti ya pikipiki yangu."

"Nilisema."

"Kumbe ilikuwa ya mzee wako."

"Nilikosea." Neno lilimtoka kavu, kama kidonge kinachomezwa bila maji.

Alitegemea matusi. Alikuwa amejiandaa kuyapokea, hata alikuwa akiyangoja kama mtu anayengoja kuteremshiwa mzigo. Badala yake Radi akatikisa kichwa, kwa uchungu wa fundi aliyedharauliwa kazi yake.

"Ya mzee inakoroma, mama. Bomba limetobolewa vibaya, limekatwa karibu mno na injini. Yangu inanguruma. Ni vitu viwili tofauti kabisa!"

Mama Dawa alimkazia macho. Mbavu zimepondwa, jicho limezibwa, na bado majigambo ya bomba. Mpumbavu, aliwaza, mpumbavu kutoka unyweleni hadi ukuchani. Aliliwaza neno hilo kwa nguvu zake zote, akangoja lile tulizo ambalo humletea. Halikuja.

"Wamekuvunja kwa ajili ya neno langu," alisema, "nawe umekuja kubishana nami habari za mabomba?"

"Mbavu zitapona." Radi alichukua marhamu, akaigeuzageuza. Alipozungumza tena, mbwembwe zilikuwa zimemtoka, na bila hizo alionekana mtu mwingine, mdogo zaidi na mchovu. "Kule ndani nilikuwa nawaza. Napita hapa kila siku. Mtaa mzima mnanisikia, mpaka mnalalamika. Halafu jana watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyesema, 'Hapana, hii siyo yake.'"

Hakungoja jibu. Alitoka, akavuka barabara polepole, akitazama kulia na kushoto, kama mtu yeyote anayeogopa kugongwa.

Uenyekiti aliuchukua kinyozi, kwa unyenyekevu mwingi na kura nyingi zaidi. Fundi cherehani alipasuliwa, na Mama Dawa alipokwenda kumtazama aligeuziwa uso ukutani. "Mwambie mumeo aje mwenyewe," ndilo neno pekee aliloambiwa. Alilifikisha kama lilivyo. Tangu hapo mume, akingojea kesi yake, hutoka kila asubuhi kwa miguu kuelekea hospitali, kofia kichwani. Hurudi mchana. Mkewe hajamuuliza kama huingia au huishia getini.

Kelele hazikwisha mtaani. Vijana walinyamaza siku chache, wakajisahau, wakarudia yaleyale, na Mama Dawa hajaacha kuwachukia. Alasiri moja alikuwa akimhudumia mteja, bwana mmoja mzee mwenye kikohozi, mlio ulipoanza huko chini kwenye mteremko. Mzee akakunja uso, akaziba masikio kwa viganja.

"Haya, mpumbavu wenu huyo amerudi. Si ndiye?"

Mama Dawa aliacha vidonge alivyokuwa akivihesabu, akainamia upande wa mlango, kidole kimoja kimeinuliwa. Mlio ulikuwa ukipanda, ukikaribia, ukijaza barabara kutoka ukuta hadi ukuta.

"Ngoja," alisema. "Ngoja nisikilize."